Nani Amelifungua Faili Lako?

Mada iliyowasilishwa mbele ya wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo vya afya na wananchi waalikwa



Tumeombwa kuzungumzia mifumo ya kompyuta inayotunza na kusafirisha taarifa za wagonjwa. Tunatambua kwamba neno "mfumo" limekwisha kuwachosha wananchi, kwa kuwa mara nyingi hulisikia dirishani pale wanapoambiwa kuwa mfumo uko chini na warudi kesho. Leo hatukuja kuutetea mfumo unaolala. Tumekuja kuzungumzia mfumo unaofanya kazi, maana huo ndio unaozaa swali ambalo wengi hawajalifikiria: ukitoka chumba cha daktari, ni nani mwingine anayeweza kuyasoma yaliyoandikwa humo?

Tuanze na daftari. Wengi wetu tumekwenda zahanati tukiwa na daftari la shule lenye jalada lililochakaa, na ndani yake mwandiko wa matabibu watano au sita, mwingine hausomeki hata na mwenziwe. Daftari hilo lina fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba liko mkononi mwa mgonjwa. Lina kasoro moja kubwa vilevile: likilowa mvua au likisahaulika ndani ya daladala, historia nzima imepotea. Mchukulieni mama aliyejifungua kwa upasuaji katika hospitali ya mkoa mmoja, kisha akahamia mkoa mwingine na kushikwa na uchungu usiku. Mkunga anayempokea anapaswa kujua kuhusu mshono ule, kwa kuwa kovu la mji wa uzazi linaweza kuachia wakati wa uchungu. Au mchukulieni mtu mwenye mzio wa penisilini aliyeletwa akiwa hajitambui. Katika hali hizo taarifa iliyofika kwa wakati ni sehemu ya tiba, kama dripu ilivyo.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na mifumo inayozungumza. Katika ukanda wetu jambo hili si geni kama inavyodhaniwa. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha vijijini cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walifunga mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Walipopima baadaye, muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulikuwa umepungua kwa takribani asilimia 22. Kutokana na uzoefu wa huko, mwaka 2004 ilianza kazi ya OpenMRS, programu huria ambayo leo hutumika katika nchi nyingi. Kwa hiyo anayesema kwamba mambo haya ni ya Ulaya na yametuletea tu, asahihishwe kwa upole: sehemu ya mbegu yake imeota huku huku Afrika Mashariki.

Kwetu Tanzania, mifumo iliyomo vituoni ni zaidi ya mmoja, na ni vyema kuitofautisha. Upo utaratibu wa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, wenye vile vitabu vikubwa mnavyoviona mezani kwa muuguzi. Kutokana na vitabu hivyo kituo hujumlisha idadi ya waliougua malaria, waliojifungua na waliochanjwa, na jumla hizo huingizwa katika DHIS2, programu iliyoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na yenye asili yake Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Katika jumla hizo jina lako halimo. Wewe ni mmoja katika hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayosaidia kujua dawa zipelekwe wapi. Kwa upande mwingine, ipo mifumo ya uendeshaji wa kituo, kama GoTHOMIS inayotumika katika vituo vya umma, ambayo humfuata mgonjwa mmoja mmoja kuanzia mapokezi, maabara, hadi dirisha la dawa na malipo. Humo jina lako limo, namba ya simu imo, na majibu ya vipimo yamo. Mwananchi akiambiwa "taarifa zako zinatumwa", ana haki ya kuuliza: zinatumwa kama hesabu, au zinatumwa kwa jina langu?

Ili mifumo miwili ielewane inahitaji vitu viwili, lugha moja na utambulisho mmoja. Lugha ni kama vile orodha ya uainishaji wa magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ili ugonjwa ulioandikwa Mbeya usomeke vilevile Dar es Salaam. Utambulisho ni namba inayosema kwamba Asha huyu ndiye Asha yule. Hapa ndipo hutokea kosa linaloudhi na kuhatarisha: mtu mmoja kuwa na mafaili matatu kwa sababu jina lake limeandikwa kwa namna tatu, au watu wawili kuunganishwa katika faili moja. Hakikisheni mapokezi wameandika jina lenu kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ni jambo dogo, lakini majibu ya maabara hulifuata jina hilo.

Sasa tufike kwenye kiini. Wahudumu wa kliniki za tiba na matunzo wanawafahamu wagonjwa wanaopanda basi na kwenda kuchukua dawa za kufubaza virusi wilaya ya mbali, ilhali kliniki iko umbali wa kutembea kutoka nyumbani kwao. Hawafanyi hivyo kwa kupenda nauli. Wanaogopa kuonwa na jirani aliyeajiriwa pale. Wengine hujiandikisha kwa jina lisilo lao. Matokeo yake ni kwamba faili la mtu huyo hugawanyika, na daktari wa kituo cha jirani, siku atakapompokea akiwa mahututi, hatajua anatumia dawa gani. Mnaona basi kwamba usiri si anasa ya watu wenye mambo ya kuficha. Mgonjwa asiyeuamini mfumo huunyima ukweli, na mfumo ulionyimwa ukweli humwelekeza daktari kwenye kosa.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2018 nchini Singapore, nchi inayosifika kwa mpangilio, wadukuzi waliiba taarifa za wagonjwa milioni 1.5 kutoka mtandao mkubwa wa hospitali, zikiwemo za Waziri Mkuu mwenyewe. Ulimwengu ulilizungumzia sana tukio hilo. Sisi tunaona kwamba lililotangazwa miezi michache baadaye, Januari 2019, lina fundisho zaidi kwetu. Taarifa za watu 14,200 waliokuwa kwenye rejesta ya virusi vya UKIMWI zilivujishwa, na hakuna aliyevunja mlango. Zilikuwa zimefika mikononi mwa mtu kwa njia ya daktari aliyekuwa na dhamana halali ya kuzifungua. Kinga ya mitambo huzuia mgeni. Mwenyeji mwenye ufunguo hazuiwi na ukuta.

Tulipata kutembelea kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, na kukuta neno la siri la kompyuta limeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa juu ya skrini. Tulipouliza ni la nani, tuliambiwa ni la muuguzi aliyehamishwa tangu mwaka uliopita. Wote waliobaki walikuwa wakiingia kwa jina lake, kwa sababu akaunti zao hazijafunguliwa na wagonjwa wanasubiri. Hatukuwalaumu sana, maana foleni ilikuwa ndefu na mhudumu alikuwa peke yake. Lakini tafakarini: kama siri ya mgonjwa ingevuja siku hiyo, kumbukumbu za mfumo zingemtaja mtu aliyekuwa mamia ya kilomita kutoka pale, na aliyetenda asingejulikana kamwe.

Kumbukumbu hizo ndizo tunazotaka kuzitilia mkazo kuliko jambo jingine lolote leo. Mfumo mzuri huandika kila anayefungua faili: ni nani, saa ngapi, na alitazama nini. Estonia, nchi ndogo ya Ulaya, imekwenda hatua moja mbele. Raia wake huingia katika tovuti ya afya na kuona mwenyewe orodha ya waliolitazama faili lake, na akimwona asiyehusika anaweza kulalamika. Hapa kwetu wajumbe wa kamati mnaweza kuanza na hatua iliyo ndani ya uwezo wenu. Muulizeni mganga mfawidhi katika kikao chenu kijacho: je, kila mtumishi ana akaunti yake? Aliyehama au kustaafu hufungiwa lini? Nani huzipitia kumbukumbu hizo, na mara ya mwisho alizipitia lini? Swali la mwisho huwa na ukimya mrefu, nanyi msiogope ukimya huo.

Sheria iko upande wenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa kawaida kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa katika mazingira yaliyotajwa na sheria, kama vile matibabu ya mhusika chini ya mtaalamu wa afya. Kwa hiyo daktari anayekutibu hahitaji kukuomba saini kila anapolisoma faili lako. Lakini mwajiri wako, kampuni ya mikopo au muuza dawa anayetaka namba za wagonjwa wa kisukari hana mlango huo. Sheria inakupa pia haki ya kuomba kuona taarifa zako, kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa, na kudai fidia ukiumizwa. Lalamika kwanza kituoni, kwa maandishi, ubaki na nakala. Usiporidhika, peleka lalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa habari za virusi vya UKIMWI ipo pia sheria ya mwaka 2008 inayolinda usiri wa majibu.

Mtusamehe tukigusa jambo la nyumbani. Ni nani kati yetu hajawahi kumpigia simu ndugu anayefanya kazi hospitalini na kumwambia, "Hebu nitazamie, mchumba wa mwanangu amepima nini"? Tunalifanya kwa jina la undugu, nasi tunamtia mtumishi huyo katika kosa linaloweza kumgharimu ajira. Ndivyo pia ilivyo kwa picha za majibu ya maabara zinazorushwa katika makundi ya familia kwenye simu kwa nia ya kuomba dua. Mgonjwa aulizwe kwanza. Kama ni mtoto, mzazi akumbuke kwamba mtoto huyo atakua, na picha ile itakuwa bado ipo.

Neno moja kwa wanaosaini fomu za bima. Fomu nyingi zina kifungu kinachoruhusu mtoa bima kupata taarifa za matibabu, na hilo ni halali kwa ajili ya kulipa madai. Someni iwapo kifungu hicho kinaishia hapo, au kinaendelea hadi kwa "washirika wengine". Mkikuta maneno hayo, ombeni mtajiwe washirika hao ni akina nani kabla kalamu haijagusa karatasi. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini, wala asiharakishwe.

Fomu ya mfano ya kuomba nakala ya taarifa zako imewekwa mwishoni mwa kijitabu hiki, na kuijaza hakuhitaji wakili. Sasa tuko tayari kupokea maswali. Mwenye swali ambalo asingependa jirani yake alisikie, atukute chini ya mwembe baada ya kikao. Tutakuwapo hadi wa mwisho aondoke.