Ubatizo Haukuuza Msitu

Hukumu mmeisikia. Alhamisi, tarehe 23 Juni 2022, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliiamuru Kenya iwalipe Waogiek, jamii ya asili ya Msitu wa Mau, zaidi ya shilingi za Kenya milioni 157, iwapimie ardhi yao na kuwapa hati ya pamoja katika muda wa miaka miwili. Tangu siku hiyo gumzo limekuwa pesa: nani atazishika, nani atapata ngapi.

Kinachotukosesha usingizi sisi ni hoja ya dini. Kesi yao ya kufukuzwa Mau iliposikilizwa, serikali ya Kenya ilidai Waogiek wameacha imani ya mababu, wameingia Ukristo. Ikadai pia kwamba ibada zao ni tishio kwa usalama. Imani iliyoachwa inamtishia nani? Mwaka 2017 majaji waliikataa hoja hiyo, wakasema Mwogiek kuwa Mkristo si ushahidi kwamba ametupa desturi zake. Lakini hoja haijafa. Tunaisikia hata leo: hawa si Waogiek wa kweli, hawa wamebatizwa.

Wamebatizwa, ndiyo. Wakikuyu wamebatizwa, Waluo wamebatizwa, Wakamba wamebatizwa, na hakuna aliyewadai mashamba kwa sababu hiyo. Mbona Mwogiek peke yake ndiye ubatizo unamnyang'anya ardhi? Anaimba kwaya Jumapili, na bado asali ndiyo anayopeleka kuposea, asali ndiyo anayobarikia. Asali inatoka kwenye mizinga, mizinga iko juu ya miti, miti iko Mau. Mtoe Mau, kisha umlaumu kwamba amesahau mila!

Haya hayakuanza na kanisa. Miaka ya 1930 Tume ya Ardhi ya wakoloni iliwaita Wadorobo, ikapendekeza wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa, kana kwamba hawana kwao. Ndiyo maana leo wengi wanaongea lugha za majirani. Walifukuzwa kwanza, wakabadilika baadaye.

Sasa tunasema na ninyi, wachungaji na mapadri wa Narok, wa Nakuru, wa kote Mau. Ubatizo mliotoa ninyi umegeuzwa ushahidi dhidi ya waumini wenu. Msinyamaze! Semeni Jumapili hii, madhabahuni, kwamba hamkuwabatiza watu wapoteze ardhi. Na ninyi wazee, waonyesheni vijana mipaka ya kila ukoo, mlima kwa mlima, mto kwa mto. Wapimaji wakija wawakute tayari. Wasipokuja, waiteni, waiteni tena. Miaka miwili iliyowekwa na mahakama imeshapita.