Mizani ya Uguzi: Namna ya Kupima Ubora wa Matunzo katika Makao ya Wazee



Mada niliyopewa yahusu namna ya kupima ubora wa matunzo katika makao ya wazee, na tangu mwanzo napenda ieleweke kwamba sikuja kuamua iwapo ni fedheha au si fedheha kwa mzee kuishi makaoni, maana mjadala huo, ambao kwetu hufungua kila mkutano wa namna hii na aghalabu huumaliza, umetupotezea wakati mwingi ilhali wazee wenyewe wamo ndani ya nyumba hizo, Nunge ya Kigamboni, Fungafunga ya Morogoro, Kolandoto ya Shinyanga, Bukumbi ya Mwanza, Sebleni na Welezo za Unguja, na nyinginezo za mashirika ya dini na za watu binafsi, nao wahitaji kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa kitandani leo hii, si baada ya sisi kuafikiana. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 imekwisha kuyafanya makao kuwa kimbilio la mwisho, pale familia na jamii zinaposhindwa. Na maadamu ni kimbilio la mwisho, aliyemo humo hana pengine pa kukimbilia matunzo yakiharibika. Hapo ndipo penye haja ya kupima.

Katika elimu hii hapana budi kumtaja Daktari Avedis Donabedian, Muarmenia aliyezaliwa Beirut mwaka 1919, akasomea udaktari huko huko kabla ya kuhamia Marekani, ambaye katika makala yake mashuhuri ya 1966 aligawa kazi ya kupima uguzi katika mafungu matatu: kwanza vile vilivyopo, yaani majengo, vifaa na watumishi, pili yale yatendwayo, yaani mwenendo wa kazi yenyewe, na tatu yale yanayomfika mgonjwa kwa sababu ya hayo mawili. Mgawanyo huu wajulikana na wengi wenu, wala sitaurefusha. Ninalotaka kulisema ni kwamba wakaguzi wetu, si kwa hiana bali kwa wepesi wa jambo, hukaa katika fungu la kwanza mpaka jua likachwa: huhesabu vitanda, huhesabu vyandarua, huuliza kama paa lavuja, hutazama jiko, hutia sahihi katika kitabu cha wageni, wakaondoka wakiwa wamelikagua jengo wala hawakumkagua mzee. Mimi naona tuanzie upande wa pili, kwenye kitanda cha yule asiyeweza kusema wala kujigeuza, kwani nyumba inayomtunza vema huyo ni muhali iwatupe wale wawezao kupiga kelele.

Pana kizuizi kimoja ambacho vitabu vya ng'ambo havikitilii uzito wa kutosha, nacho ni adabu ya wazee wetu. Mwulize bibi wa miaka themanini, mbele ya msimamizi wa nyumba, kama anatunzwa vizuri, naye atakujibu kwamba anashukuru, na kwamba Mungu awazidishie. Jibu hilo si uwongo, wala si ushahidi. Mzee aliyelelewa kuona kwamba kulalamikia chakula cha mwenyeji ni utovu wa adabu, na ambaye usiku utakapoingia atabaki na yule yule mhudumu aliyetakiwa amshitaki, hawezi kutoa hukumu kwa swali la namna hiyo. Mkaguzi mwenye busara hataki hukumu, ataka habari. Atakaa kitako faraghani, atamwamkia ipasavyo, atauliza ya nyumbani kwao, kisha atauliza jana ulioga saa ngapi, nani alikuogesha, maji yalikuwa ya moto au ya baridi, usiku ukitaka kwenda msalani wamwita nani, na ukimwita huja baada ya muda gani. Maswali hayo mzee huyajibu bila kuona kwamba amemsengenya mtu, na katika majibu yake mna kila kitu.

Kwa yule asiyeweza kujibu, mwili wake ndio shahidi, na ushahidi wa kwanza ni ngozi. Vidonda vya mgandamizo, vile vitokeavyo kwenye kiuno, nyongani na visiginoni kwa mtu aliyelala upande mmoja muda mrefu, aghalabu huepukika mzee akigeuzwa, akikaushwa na akilishwa ipasavyo, na kwa hiyo kila kidonda kipya kilichotokea ndani ya nyumba chastahili kuulizwa sababu yake. Muuguzi wa Kiingereza Doreen Norton na wenzake walitoa mwaka 1962 kipimo kisichohitaji mtambo wowote: siha ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujigeuza, na uwezo wa kuzuia haja, kila kimoja alama 1 mpaka 4, jumla 20, na mwenye 14 au chini yake ahesabiwe kuwa yumo hatarini. Ila vitabu vinaposema kwamba dalili ya kwanza ni wekundu wa ngozi, vinasema habari za ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na mtumishi anayeungoja atakuja kuona kidonda kilichokwisha kufunguka. Yapasa aguse kwa mkono, atafute mahali penye joto au ubaridi usio wa kawaida, palipo pagumu au palipotepeta, panapouma au palipobadilika rangi kuliko pembeni yake. Laiti ningepewa nafasi ya kufundisha jambo moja tu katika nyumba zetu zote, ningefundisha hili.

Ushahidi wa pili ni uzito. Marekani hukubaliwa kwamba mzee aliyepungua asilimia 5 ya uzito wake kwa mwezi, au 10 kwa miezi sita, amefikwa na jambo la kuchunguzwa. Basi bibi mwenye kilo 50 akipungua kilo mbili na nusu kwa mwezi, asemwe habari zake, wala isitoshe kunena kwamba uzee ndivyo ulivyo. Huenda meno yamemtoka naye anapewa wali mkavu. Huenda mkono watetemeka na sahani hurudi jikoni imejaa, mpishi akadhani ameshiba. Huenda dawa inamwondolea hamu. Na asiyeweza kusimama juu ya mizani hupimwa mzingo wa shavu la mguu kwa utepe wa fundi cherehani, na ukiwa chini ya sentimeta 31, hiyo ni dalili ya kudhoofu. Maji nayo yasisahauliwe, kwa kuwa kiu hupungua kwa uzee, na wako wazee wanaojinyima kunywa kwa makusudi ili wasimsumbue mtu usiku.

Nikifika kwenye kuanguka, naomba tahadhari, kwa sababu hapa hesabu yaweza kumdanganya mkaguzi mpaka akamsifu anayestahili kulaumiwa. Nyumba ambayo mwaka mzima hakuanguka mtu yaweza kuwa imesimamiwa vizuri, na yaweza pia kuwa ni nyumba ambamo wazee hawaachwi kuinuka, wamefungwa kwa kanga kwenye viti au wamelazwa kwa vidonge. Dawa za kutuliza vichaa, ambazo hupewa wazee waliopoteza kumbukumbu ili wanyamaze, zina hatari yake, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza mwaka 2005 kwamba huongeza vifo kwa wazee wa namna hiyo. Hivyo idadi ya walioanguka isisomwe peke yake. Isomwe sambamba na idadi ya wanaotembea, na daftari la dawa liwe wazi pembeni. Kadhalika nyumba iliyoandika vidonda vingi isihukumiwe haraka kuliko ile isiyoandika hata kimoja, maana yamkini ya kwanza ina muuguzi anayefunua shuka.

Wamarekani walijifunza haya kwa gharama. Baada ya taarifa kali ya Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo mwaka 1986, ilipitishwa Desemba 1987 sheria iliyowapa wakaazi wa makao haki ya kutofungwa wala kulevywa kwa dawa kwa ajili ya raha ya watumishi, iliyoagiza kila mkaazi mpya apimwe hali yake, na iliyotaka ukaguzi ufanywe bila ya kupeleka taarifa, usipite muda wa miezi 15 kati ya mmoja na mwingine. Hata hivyo, serikali yao ilipoanza mwaka 2008 kuzipa nyumba nyota, moja mpaka tano, sehemu kubwa ya hesabu ilitoka kwa wenye nyumba wenyewe, na nyota zikaongezeka kwa kasi ambayo wengi waliitilia shaka. Ndipo kuanzia 2016 idadi ya watumishi ikatakiwa itokane na daftari za mishahara. Mtu hapimi nazi zake mwenyewe kwa mizani aliyoichonga usiku. Sisi tusingoje nyota zetu ziharibike ndipo tukumbuke kwamba mhasibu wa nyumba anajua idadi ya walinzi na wauguzi kuliko msimamizi anavyokumbuka.

Lililobaki ni usiku, ambao kwa rai yangu ndio mtihani wenyewe. Tuchukulie nyumba yenye wazee kumi wasioweza kujigeuza, na zamu ya usiku ya saa kumi, na mhudumu mmoja. Desturi ya wauguzi ni kugeuza kila baada ya saa mbili, ambayo ni mizunguko mitano, maana yake kugeuza mara hamsini. Na kila mara, pamoja na kufuta na kubadilisha pampasi, ichukue dakika kumi tu. Hizo ni dakika 500, saa nane na dakika ishirini, bila ya kunawa mikono, bila ya mzee mwingine kuita, na bila ya kusahau kwamba mtu mzito hageuzwi na mtu mmoja pasipo kumburuza ngozi. Chati ya nyumba kama hiyo ikionyesha alama hamsini zilizotiwa kwa kalamu moja na mwandiko usiotetereka, mkaguzi ajue kwamba zimeandikwa alfajiri. Taksiri si ya mhudumu yule. Ni ya aliyepanga zamu.

Tena yako mambo ambayo hayana kilo wala sentimeta, nayo yapimika pia. Je, bibi huogeshwa na mwanamke, na mlango umefungwa? Je, Mwislamu asiyeweza kushika udhu husaidiwa kutayamamu, na Mkristo hufikiwa na padri au mchungaji wake? Je, huamshwa kwa saa yake au kwa saa ya kubadilishana zamu? Huitwa kwa jina lake na kuamkiwa, au huitwa kwa namba ya kitanda? Mkaguzi akikaa ukumbini kimya kwa saa moja, bila ya kuuliza, atayasikia haya yote.

Najua nitaulizwa fedha zitoke wapi. Mengi niliyoyataja yahitaji utepe, mizani, tochi, daftari na mtu asiye na haraka, wala hayo si ghali. Lakini mhudumu wa pili wa usiku ana mshahara, na hakuna utepe utakaoshika nafasi yake; kwa hiyo naomba semina hii, itakapofika kwenye maazimio, jambo hilo liandikwe la kwanza, kabla ya rangi ya kuta na kabla ya lango jipya, na ripoti ya kila ukaguzi isomwe kwa sauti katika baraza la wazee wa nyumba inayohusika, ili wao wawe wa kwanza kusema ni lipi limeachwa.