Sikio Lisilopona: Hotuba kwa Watu wa Kwa Sadala

Habari yangu ni ya ugonjwa wa sikio ulio adimu sana, lakini hudhuru kwa kuwa hufanana na ugonjwa tuuonao kila siku.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kadiri ya sentimeta 2.5, nalo limefunikwa kwa ngozi mpaka kwenye kiwambo cha ndani. Kwa kuwa ni ngozi, saratani ya ngozi yaweza kuota humo. Kwa mwaka huwapata watu wachache tu katika kila watu milioni moja, aghalabu watu wazima. Sikio lililotoa usaha miaka mingi pasipo kutibiwa limo hatarini zaidi.

Mwanzo wake ni usaha na mwasho. Mtu hudhani ni sikio bovu tu. Hutia mafuta au maji ya majani, huchokonoa kwa kijiti cha kiberiti, na miezi hupita. Kumbe ugonjwa unakula mfupa, na mshipa wa fahamu uendeshao uso u karibu. Ndipo mdomo hupinda, na kazi ya daktari huwa ngumu.

Basi tuangalie dalili hizi: usaha wenye damu, maumivu yasiyotulia, hasa usiku, kinyama ndani ya tundu, kusikia kunakopungua, uso kulegea upande mmoja. Mara nyingi dalili hizi si saratani, lakini kwa macho peke yake haiwezekani kupambanua. Daktari hukata kipande kidogo cha kinyama kile, kikatazamwa kwa darubini. Ikiwa ni saratani, mgonjwa hupasuliwa, na pengine hutibiwa kwa mionzi pia. Ikivumbuliwa mapema, tumaini la kupona ni kubwa.

Kwa hiyo, mtu aliyetumia dawa ya sikio majuma matatu asipone, asirudie dawa ile ile. Aende hospitali ya wilaya ya Hai, aombe kupelekwa kwa daktari wa masikio katika hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Asingoje mpaka kahawa iuzwe. Nanyi walimu, mtoto asiyesikia darasani msimwite mkaidi kabla sikio lake halijatazamwa.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Nendeni mkawaambie na wale wasiokuwapo hapa.