Anwani Iliyofichwa Ndani ya Simu

Natumaini kila mmoja amekwisha fungua daftari lake. Neno letu la leo ni "anwani". Liandikeni.

Anwani mnaijua. Kabla ya sensa ya mwaka 2022 nyumba nyingi zilipewa namba, ili mgeni afike bila kuuliza njiani. Basi, ndani ya simu mna kumbukumbu, yaani mahali pa kuweka mambo ambayo simu inayashughulikia. Mahali hapo pamegawanywa vyumba vidogo mno, na kila chumba kina namba yake. Namba hiyo ndiyo anwani.

Msimamizi wa vyumba hivyo ni programu kuu, nasi tutaiita kiini. Katika simu za Android kiini hicho ni Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Ufini. Kosa likitokea, kiini huandika habari zake, ili mafundi wasome na kutengeneza. Kwa miaka mingi kiliandika hata anwani zenyewe.

Je, ubaya uko wapi? Fikirini ghala la pamba wakati wa msimu. Kila asubuhi mlinzi huhamisha kasha la fedha, mwizi asijue lilipo. Lakini karani anaandika ubaoni, mlangoni: "Kufuli la kasha lililo nyuma ya mzani limelegea." Karani anamwita fundi tu. Lakini mwizi naye anajua kusoma!

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu mwaka 2014 Linux ilianza kupewa uwezo wa kukaa mahali papya kila mashine inapowashwa. Mwizi aliyegundua udhaifu sharti kwanza ajue mahali pa kupiga. Habari za makosa zikitaja anwani, zimemwonyesha.

Basi, habari ziachwe kuandikwa? Hapana, fundi atapotea. Toleo la 4.15, la Januari 2018, lilileta njia nyingine. Badala ya anwani, kiini huandika alama inayopatikana kwa hesabu yenye ufunguo wa siri. Ufunguo huo huwa mpya kila mashine inapowashwa. Chumba kimoja hupata alama ile ile mpaka mashine izimwe. Kwa hiyo fundi akiona alama moja katika mstari wa 3 na wa 20, anajua kwamba ni chumba kile kile. Mwizi akiiona, haimfikishi popote.

Na mwandishi wa programu akihitaji anwani halisi? Zamani aliandika %p. Sasa sharti aandike %px, ili wenzake wanaokagua waione upesi na kumwuliza sababu.

Ndugu zangu, jambo hili latuhusu. Fedha za pamba na za ng'ombe siku hizi hupita simuni. Simu ikileta ujumbe wa kusasisha mfumo, tusiupuuze, maana marekebisho ya namna hii hufika kwa njia hiyo. Na habari za makosa tumpe fundi tunayemwamini, wala tusizisambaze kwa kila mtu.

Sasa zungumzeni pamoja na mwalimu wenu:

1. Kwa nini alama ni bora kuliko kutoandika chochote?

2. Katika kazi yenu, ni habari gani inayomfaa fundi, lakini haifai kubandikwa mlangoni?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.