Andika Ulichokifanya kwa Mikono Yako
(Maneno ya mhadhara kwa vijana, Sondu, mwezi wa Ramadhani)



Nimeombwa niwazungumzie namna ya kuandika wasifu wa kazi, ile karatasi ambayo sote tunaiita CV. Tumefunga na magharibi haiko mbali, kwa hivyo sitazunguka.

Kazi yangu inanipitishia CV nyingi mikononi, na nyingi ni kama zimezaliwa na mama mmoja. Kijana anaingia saiba, anaitiwa faili ya mtu mwingine kwenye kompyuta, jina linabadilishwa, inachapwa. Juu kuna dini, kabila, ameoa au hajaoa. Halafu "mimi ni mchapa kazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa". Halafu shule zote tangu nasari. Halafu mambo anayoyapenda: kusoma, kutazama kandanda, kukutana na marafiki. Nimefika mwisho na bado sijui huyu mtu anaweza kufanya nini, na chini yake rundo linaningoja.

Lakini linaloniuma zaidi ni pale penye "Kazi ulizofanya", mtu ameandika: hakuna. Hakuna vipi? Huyo huyo unamkuta hapa sokoni alfajiri anapokea nanasi, anahesabu, anapanga bei, anajua nani ana deni na la siku ngapi. Dada amekaa miaka miwili kwenye duka la mjomba wake, anapokea pesa za M-Pesa na kufunga hesabu kila jioni. Eti hajawahi kufanya kazi! Tumefundishwa kwamba kazi ni ile yenye ofisi na kiti kinachozunguka, na sisi wenyewe tunaifuta jasho yetu kwenye karatasi.

Sasa tuseme huyo dada anaomba ukarani wa stoo. Asiandike "nilisaidia dukani". Aandike, kwa mfano: "Januari 2022 hadi Machi 2024, muuzaji, duka la vyakula, Sondu. Nilipokea bidhaa na kuzikagua, nikaandika daftari la mauzo kila siku, nikahesabu stoki kila mwisho wa mwezi." Mistari miwili tu. Mwenye stoo akiisoma anajua amempata mtu wa kuhesabu. Tarehe, mahali, ulichofanya, na idadi kama unaikumbuka kwa hakika. Kazi ya karibuni itangulie. Na kila tangazo la kazi lisome upya, yale wanayoyataka uyalete juu. CV moja haiendi kila mahali.

Utaniuliza, na ushahidi je? Hapo ndipo tunapopoteza haki yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi kazi inapokwisha, mradi umefanya wiki nne mfululizo au zaidi. Kinataja jina lake na lako, siku uliyoanza na uliyoacha, kazi gani na wapi. Kukusifu si lazima, lakini cheti ni lazima. Angalieni mradi wa Sondu Miriu hapa kwetu, megawati 60, ujenzi ulioanza 1999, kisha Sang'oro wa megawati 21 uliofuata. Mtu aliyesuka nondo kwenye mjengo kama ule ana ujuzi ambao kontrakta yeyote anautafuta. Bila karatasi atasema nini? "Niulizeni"? Ombeni cheti siku ile ile mnayolipwa mara ya mwisho, kabla kontrakta hajafunga vyombo.

Na wewe uliyejifunza ufundi jua kali bila kukanyaga chuo, uko mtihani wa ufundi wa NITA. Unaanza gredi ya tatu, unapanda mpaka ya kwanza. Kisumu wana kituo. Gredi hiyo iweke juu kabisa ya CV, kabla ya shule ya msingi!

Kuhusu dini na kabila, kuna ndugu aliniuliza kama tuandike au tufiche. Si kuficha. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtu kwa dini, jinsia, asili yake au ujauzito, kwa hivyo mwajiri hayahitaji hayo ili kujua kama unaweza kazi. Acha nafasi hiyo iwe ya kazi zako. Fomu za serikali zikiuliza kabila, hizo jaza.

Jambo la vyeti vya kununua sitalirefusha, tuko katika mwezi huu na mnajua. Nitasema tu kwamba Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza vyeti bandia 2,067 vilivyogunduliwa katika taasisi za serikali, na tume ya kupambana na ufisadi hudai mishahara irudishwe mahakamani. Mtu amejenga, ana watoto shuleni, anaambiwa arudishe mshahara wa miaka yote.

Wengine mnatumia pesa za nauli kutafuta vyeti vya polisi, ushuru na mikopo kabla hata hamjaitwa. Tangu mwaka 2022 sheria ya ajira imerekebishwa, mwajiri asikudai vyeti hivyo mpaka awe amekusudia kukuajiri. Weka pesa yako.

Mwisho ni wadhamini. Msiandike jina la mzee au mwalimu bila kumwambia. Nimewahi kupiga simu, mzee wa watu akasema hamjui kabisa huyo kijana, na kumbe amemfundisha miaka minne, ila jina aliloandika la kwenye kitambulisho si lile analoitwa nyumbani. Mpelekee nakala ya CV, mkumbushe mlijuana wapi, hakikisha nambari yake inapatikana. Yako pia. Ukibadilisha laini, badilisha CV.

Dada pale nyuma ameinua mkono. Haya, uliza, bado tuna dakika kumi.