Anayesema "Hakuna" Kila Siku: Mhadhara wa Umma kuhusu Utabiri wa Dhoruba za Machipuko

Mwaka 1884 sajini mmoja wa Jeshi la Marekani, John Finley, alianza kutabiri tonado, yaani upepo unaojisokota kutoka tumbo la wingu hadi ardhini. Alipofunga hesabu ya utabiri 2,803, alitangaza kwamba amepatia kwa asilimia 96.6. Sifa zilikuwa njiani kumfikia, lakini wakosoaji wakaichukua hesabu ileile na kuonesha jambo la kuchekesha: mtu ambaye angekaa kitini na kusema "hakuna tonado" kila siku, bila hata kutazama angani, angepatia kwa asilimia 98.2. Tonado ni nadra kiasi hicho. Finley alionya mara 100, na kati ya maonyo hayo tonado zikatokea mara 28.

Nani basi alikuwa na manufaa kwa mkulima wa Kansas, Finley au yule mvivu wa kitini? Swali hilo halijazeeka. Ndilo linalobeba mhadhara huu, kwa sababu kila machipuko mamilioni ya watu katika nyanda za kati za Marekani hulijibu upya, wengi wao bila kujua kwamba wameulizwa.

Wakubwa wa Finley walilijibu kwa woga. Walihofu kwamba kutangaza tonado kungezua taharuki yenye madhara kuliko upepo wenyewe, na kwa zaidi ya nusu karne utabiri wa serikali kwa umma ulikwepa hata kulitaja jina lake. Watu walikufa huku taarifa rasmi zikizungumzia "mvua za radi".

Mambo yaligeuka ndani ya siku tano. Usiku wa tarehe 20 Machi 1948 tonado iliipiga kambi ya Jeshi la Anga ya Tinker, karibu na Oklahoma City, ikaharibu ndege za mamilioni ya dola. Ofisa wa zamu, Kapteni Robert Miller, mgeni katika eneo lile, hakuwa ametabiri lolote la kutisha. Yeye na mkuu wake, Meja Ernest Fawbush, waliamriwa watafute kama tukio la aina ile lingeweza kutabirika. Wakazama katika ramani za hali ya hewa za miaka ya nyuma, wakitafuta dalili zilizotangulia tonado zilizokwisha kutokea. Tarehe 25 Machi wakaiona ramani ya asubuhi inafanana mno na ile ya tarehe 20. Kutabiri tonado mahali palepale mara mbili ndani ya wiki moja kulikuwa karibu na wazimu. Wakatabiri. Ndege zikaingizwa kwenye mabanda, askari wakaondolewa maeneo ya hatari, na jioni, mnamo saa kumi na mbili, tonado ya pili ikapita kambini.

Mwaka 1950 mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Marekani aliwaandikia watabiri wake kwamba hawakatazwi tena kutabiri tonado.

Kwa nini machipuko? Kati ya Machi na Juni hewa yenye joto na unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Mexico, huku hewa kavu ikishuka kutoka nyanda za juu za kusini-magharibi na kutandaa juu yake. Tabaka hilo kavu hufanya kazi ya mfuniko wa chungu: joto hujilimbikiza chini yake mchana kutwa, na pale mfuniko unapofunguka mawingu hupaa kilomita zaidi ya 12 kwa muda mfupi. Juu kabisa bado kuna mkondo wa upepo mkali uliobaki kutoka majira ya baridi. Upepo wa chini ukivuma upande mmoja na wa juu upande mwingine, kwa kasi tofauti, wingu zima huanza kuzunguka. Marekani hupata tonado takriban 1,200 kwa mwaka, na Mei kwa kawaida ndio mwezi unaoongoza.

Anayefuatilia utabiri huu hukutana na taarifa za aina tatu, na kila moja hujibu swali lake. Ya kwanza ni mtazamo wa siku kadhaa mbele unaotolewa na kituo cha kitaifa cha utabiri wa dhoruba kilichopo Norman, Oklahoma. Huu unaweza kufika hadi siku ya nane. Tangu 2014 kituo hicho hupanga hatari kwa ngazi tano, na hapa kuna kasoro ya kusemwa waziwazi: ngazi ya pili huitwa "hatari ndogo". Mtu akisikia hivyo huanika nguo zake na kwenda zake, ilhali siku za ngazi hiyo zimewahi kuua. Afadhali kufuata namba ya ngazi kuliko jina lake.

Ya pili ni angalizo, ambalo hutolewa saa chache kabla: dhoruba haijatokea, lakini viungo vyote vipo. Ya tatu ni onyo. Onyo lina maana kwamba rada au mtu aliye uwandani ameiona hatari, nalo hutolewa na ofisi ya hali ya hewa ya eneo husika. Tangu 2007 halifuniki tena kaunti nzima. Huchorwa kwa umbo linalofuata njia ya dhoruba. Kwa angalizo mtu huchaji simu na kuwaweka watoto karibu. Kwa onyo huingia chumba cha ndani cha ghorofa ya chini, kisicho na dirisha, na hapo mara nyingi ana dakika kumi hivi, pengine pungufu.

Jambo moja la pembeni: kwa kipimo cha Marekani, mvua ya radi huhesabiwa kuwa kali ikiwa na upepo wa kilomita 93 kwa saa, mawe ya barafu yenye kipenyo cha sentimita 2.5, au tonado. Radi yenyewe haihesabiwi, hata ipige mara elfu. Kipimo hicho kingeshangaza Kiryandongo, Uganda, ambako Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao shuleni.

Turudi kwenye swali la Finley. Hata leo, kukiwa na rada 160 hivi nchi nzima, karibu maonyo saba kati ya kumi ya tonado hayafuatiwi na tonado. Wapo wanaosema hiyo ni aibu. Si kweli. Atakayepunguza maonyo ya bure kwa kunyamaza ataongeza vifo, na mvivu wa kitini atarudi kushika nafasi ya kwanza.

Lakini maonyo ya bure yana gharama. Joplin, Missouri, jioni ya Jumapili tarehe 22 Mei 2011, ving'ora vililia zaidi ya dakika 20 kabla tonado haijagusa ardhi. Watu zaidi ya 150 walikufa. Uchunguzi wa serikali uligundua kwamba wakazi wengi hawakujificha waliposikia king'ora cha kwanza. Walitoka nje kutazama anga, wakawasha televisheni, wakasubiri ishara ya pili na ya tatu. King'ora walikuwa wamekizoea. Sayansi ilikuwa imetimiza sehemu yake. Dakika zilizotolewa zilitumika kuthibitisha.

Sasa afikiriwe mtu ambaye hata ishara ya kwanza haielewi. Dhoruba ya upepo mnyoofu ilipoupiga mji wa Cedar Rapids, Iowa, Agosti 2020, miongoni mwa waliolala kwenye mahema nje ya majengo yaliyobomoka zilikuwamo familia za wakimbizi kutoka Afrika. Idara ya hali ya hewa ya Marekani imeanza kutumia kompyuta kutafsiri utabiri kwa Kihispania, Kichina, Kivietinamu, Kifaransa na Kisamoa. Aprili 2025 huduma hiyo ilisimama kwa muda mkataba ulipokwisha. Kiswahili hakikuwamo katika orodha hiyo, ingawa Wakongo, Warundi na Wakenya wamejaa katika miji iliyo kwenye njia ya dhoruba.

Mpaka kiingizwe, kuna jambo dogo la kufanya. Onyo hutaja kaunti na miji, na mgeni mara nyingi hujua jina la mtaa wake na la jimbo lake, kaunti hajui. Mwenye ndugu Des Moines, Louisville au Dallas ampigie simu kabla ya Machi kufika, amwulize anaishi kaunti gani na chumba gani cha nyumba yake hakina dirisha.