KEKI YA MSHAZARI: MAELEZO KWA WENZETU WANAOANZA



Leo kikundi chetu kinatimiza miaka 10. Tunawashukuru wanachama kwa kuweka hisa bila kuchoka, na majirani wanaotuunga mkono kwa hali na mali.

Sisi ni akina mama tunaopika keki ndani ya kikundi. Tumepewa kazi moja tu: kueleza namna ya kupanga na kutengeneza keki ya ghorofa ya mshazari, ile ambayo ukiitazama unadhani inataka kuanguka. Tunaeleza kwa mtu ambaye hajawahi kuitengeneza. Aliye fundi tayari atuvumilie.

Kwa nini keki hii? Si mnajua jinsi kamati za harusi za siku hizi zilivyo. Iwe send-off, kitchen party, kipaimara au mahafali, wanataka keki ya kupigia picha. Oda za namna hii zinaenda kwa watu wachache, kwa sababu wengi tunaiogopa. Na hofu hiyo ina msingi. Mwenzetu anayechukua oda ya keki ya ghorofa mara nyingi ananunulia vifaa kwa mkopo wa sandukuni. Keki ikianguka ukumbini, bibi harusi anaaibika, kamati inadai fedha yake, na mkopo unabaki pale pale, unangoja marejesho. Fedha hizo ni hisa za muuza dagaa, za muuza mboga, za mama ntilie. Kwa hiyo kujua keki hii inasimamaje si jambo la urembo tu.

SIRI YAKE NI HII

Jamani, keki ya mshazari haijainama. Kilichoinama ni uso wake wa juu tu. Mahali pa kukalia kila ghorofa ni sawasawa kabisa, kama maji ya bakuli.

Sisi watu wa Mwanza tusishangae. Tazameni nyumba zetu za milimani, kule Mabatini, Igogo na Isamilo. Mlima umeinama, lakini hakuna fundi anayejenga sakafu ya kuinama. Anachimba mlimani, anapanga mawe, anapima kwa pimamaji, anapata kiwanja kilicholala sawa, ndipo anaanza ukuta. Mtu akiwa barabarani anaona nyumba imening'inia, lakini aliye ndani anaweka kikombe mezani na chai haimwagiki.

Keki ni hivyo hivyo. Ghorofa ya chini ina uso wa mshazari, na kwenye uso huo tunachimba kiwanja. Ghorofa ya pili inakaa ndani ya kiwanja, si juu ya mteremko. Anayeiweka juu ya mteremko na kutumaini aisingi itaishika, huyo anajenga bila msingi. Nyumba njema si mlango.

KUPANGA

Anza na karatasi na penseli, si na unga. Chora keki yako kwa vipimo vya kweli. Kwa anayeanza tunashauri ghorofa tatu zisizozidi hapa: sentimeta 25, 20 na 15 kwa upana wa juu. Kila ghorofa ina tabaka tatu za keki, kila tabaka unene wa sentimeta 5, jumla sentimeta 15. Ikisimama yote itafika kama sentimeta 40 kwenda juu, na uzito wake pamoja na aisingi utapita kilo 10. Kumbukeni uzito huo. Ndio utakaotafuta pa kwenda kama chini hapako sawa.

Mahitaji ya keki yote: unga wa ngano kilo 2 na nusu, sukari kilo 2, siagi kilo 2 (wengi wetu tunatumia Blue Band), mayai trei moja na nusu, yaani 45, maziwa nusu lita, na bekingi pauda vijiko vidogo 10. Mgawanyo ni rahisi: nusu ya vyote iende ghorofa ya chini, theluthi iende ya katikati, na sehemu moja ya sita iende ya juu. Changanya ghorofa moja moja, kwa kuwa mchanganyiko wenye bekingi pauda haupendi kungoja zamu ya jiko.

Mtaona bekingi pauda ni kidogo. Tunayo sababu. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko pwani, na keki inaumuka haraka, halafu inaweza kubonyea katikati. Tena, keki laini mno haichongeki wala haibebi mwenzake. Tunataka keki iliyoshiba, yenye mayai na siagi ya kutosha.

KUOKA

Moto uwe wa wastani. Kwenye oveni ya umeme weka nyuzi 160 hadi 170. Kwa tabaka la sentimeta 25 hesabu kama saa moja, na yale madogo pungufu ya hapo. Choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva.

Wenye oveni ya mkaa, au sufuria yenye mkaa juu na chini, wasijione wanyonge. Makaa mengi yawe juu, machache chini. Kabla ya kuweka keki, nyunyiza unga kidogo kwenye bati na uweke ndani. Ukigeuka rangi ya dhahabu baada ya dakika kama 5, moto unafaa. Ukiungua, punguza makaa kwanza. Na siku umeme unapokatika, mwenye mkaa ndiye anayemaliza kazi yake.

Keki ikishapoa, ifunge kwenye nailoni ilale usiku mzima. Keki ya moto haikatwi. Ukiwa na friza, iweke humo saa chache ikaze. Ila tuambizane ukweli: friza zetu nyingi zina sato na sangara. Funga keki mara mbili, tena tatu. Hakuna bibi harusi anayetaka keki inayonukia mwaloni.

KUCHONGA

Panga tabaka tatu kwa aisingi katikati, acha zikaze, kisha fuata hatua hizi.

Kwanza, kata maduara ya kadibodi ngumu: la sentimeta 20 kwa ghorofa ya chini, la 15 kwa ya katikati, la 10 kwa ya juu. Toboa kila moja katikati tundu dogo. Geuza keki chini juu, weka duara lake katikati, halafu chonga pembeni kuanzia ukingo wa kadibodi ukishuka hadi ukingo wa chini. Bandika kadibodi kwa aisingi, kisha irudishe keki wima. Sasa chini ni nyembamba na juu ni pana, kama ndoo.

Pili, kata mshazari. Upande mmja kisu kianzie ukingo wa juu kabisa; upande wa pili kitokee sentimeta 2 na nusu chini ya ukingo. Kipande ulichokata usikile! Kizungushe nusu duara, ukirudishe juu kwa aisingi, sehemu yake nene ikae upande ulio juu. Upande mmoja sasa una sentimeta 17 na nusu, na wa pili 12 na nusu. Mteremko umekuwa mara mbili, na hakuna kilichopotea.

Tatu, chimba kiwanja, kwa ghorofa ya chini na ya katikati tu. Ghorofa ya chini ichimbwe duara la sentimeta 16 katikati ya uso wake, ya katikati duara la 11. Sakafu ya shimo iwe sentimeta 12 kutoka chini ya keki, pande zote. Upande wa mteremko utachimba kina cha kama sentimeta 1 na nusu, na upande wa juu kama 4 na nusu. Mwanzoni macho yatakukataza, utaona unaharibu keki. Usiyasikilize macho, sikiliza rula.

Ukimaliza, weka kadibodi ndani ya shimo na pimamaji juu yake. Huna pimamaji? Weka kisahani chenye maji. Maji hayajui kusema uongo.

VIJITI

Keki haibebi keki. Vijiti ndivyo vinavyobeba. Mwombe seremala vijiti vya mti usio na rangi wala harufu, unene wa penseli. Vichemshe, vianike vikauke. Ghorofa ya chini ipate vijiti 5 ndani ya duara la shimo, ya katikati vijiti 4. Vyote vikatwe sentimeta 12, visimame wima na vifikie sakafu ya shimo bila kuzidi.

Hapa pana kipimo kizuri kwa anayeanza. Kama shimo limelala sawa, vijiti vyote vina urefu mmoja. Ukiona kimoja kimechomoza na kingine kimezama, tatizo si vijiti. Rudi ukasawazishe shimo.

Ghorofa ya juu hujibu ya chini: kama ya chini imeelekea kulia, ya katikati ielekee kushoto, na ya juu irudi kulia. Hivyo jicho linaona vurugu, lakini uzito unashuka katikati. Mwisho wa yote, kijiti kirefu cha sentimeta 38, kilichochongwa ncha, kinapita kwenye matundu ya kadibodi zote hadi chini. Tundu la juu lifunike kwa ua.

AISINGI NA SAFARI

Anayeanza atumie aisingi ya siagi: sukari ya aisingi kilo 3 kwa mafuta kilo 1 na nusu. Kwa joto la mchana, nusu ya mafuta hayo iwe mafuta mazito meupe ya kupikia, maana siagi peke yake inalegea. Ile ya kusukuma kama chapati ni nzuri, lakini hewa ya ziwa ina unyevu na huifanya itoe jasho, ijifunzeni baadaye.

Kwa harusi ya Jumamosi: Jumatano oka, Alhamisi panga, chonga na weka vijiti, Ijumaa paka na pamba. Jumamosi safirisha ghorofa mbalimbali, kila moja ndani ya boksi lake, na uzipandishe ukumbini. Usiziweke kwenye kiti cha gari, kwa sababu kiti chenyewe kimeinama. Ziweke sakafuni. Bodaboda hapana, hata kama ni shemeji yako. Wenzetu wenye oda za Sengerema wamepata nafuu tangu Juni 2025, Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Keki haikai tena juani ikingoja kivuko. Anayekwenda Ukerewe bado anavuka maji, basi apambie huko huko.

Ukumbini, meza ipimwe kabla ya keki kutoka garini. Meza ikiyumba, weka kipande cha ubao chini ya mguu wake. Chini ya keki kuwe na ubao mnene wa sentimeta 40.

HESABU

Sasa basi, tunakuja kwenye sanduku letu. Tunaleta mapendekezo manne mbele ya mkutano.

Moja: asiwepo anayekopa kwa oda ya ghorofa tatu kabla hajatengeneza ya ghorofa mbili na kuisimamisha usiku kucha. Ya mazoezi tuipike kwa sherehe zetu wenyewe, tuchangie vifaa.

Mbili: malipo ya awali kutoka kwa mwenye oda yatoshe kununua vifaa vyote. Mkopo uwe wa bati, ubao na vyombo, vitu vinavyobaki baada ya keki kuliwa.

Tatu: bei ihesabu mkaa au umeme, nauli, na siku 4 za kazi. Wengi tunahesabu mayai na unga, tunasahau mikono yetu.

Nne: tufanye kazi watatu watatu. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu kwa sababu nzuri. Hata shimo la keki lipimwe na macho zaidi ya mawili.

Ndugu Mwenyekiti, watu watakaoiona keki hiyo watasifu mteremko. Sisi tusifu kiwanja kilichochimbwa ndani, ambacho hakionekani. Miaka 10 tumekutana kila wiki, tumehesabu fedha mbele ya wote, na tumeandika daftarini. Hakuna aliyetupiga picha tukifanya hivyo, lakini ndiko tulikosimama.

Wanaotaka kujifunza waandikishe majina kwa Katibu leo kabla ya chakula. Kila mmoja aje na rula, kisu kirefu na kisahani chake.